Programu Imefanya Kazi, Jina la Fundi Limefutwa

Najua nimepotea hapa kibarazani kwa karibu mwezi mzima na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Mwandishi mchanga anayeishi Dodoma wakati wa Bunge la bajeti hana usingizi, achilia mbali muda wa blogu. Mnisamehe.

Leo sitaongelea Bunge. Nataka kuongelea jambo ambalo magazeti yetu hayaligusi kwa sababu linaonekana la mafundi tu. Naomba mvumilie hadi mwisho, nitajitahidi kuliweka wazi.

Jumamosi iliyopita nilikaa karibu na Nyerere Square na kijana mmoja aliyemaliza pale UDOM mwaka jana. Tulikuwa tunakula chipsi, na vumbi la mji huu mnalijua, lilikuwa linakula pamoja nasi. Jina lake silitaji kwa sababu bado anatafuta kazi. Alikuwa ametoka kwenye usaili wa kazi ya fundi mitandao katika ofisi moja hapa mjini. Kwenye wasifu wake aliandika kwamba alirekebisha kasoro katika programu huria inayoshughulikia majina ya intaneti, na kwamba wenye programu walikagua marekebisho yake wakayapokea. Mwenyekiti wa jopo akamuuliza, "Una cheti cha hiyo kazi?" Akajibu, "Hapana mzee, ila kuna kiungo hapo, mkikifungua mtaona kila kitu." Mzee akasema kiungo si cheti, wakaendelea na swali lingine.

"Dada," akaniambia, "ile programu inatumika kila siku, pengine hata na wao wenyewe. Mimi niliyeirekebisha sina cha kuwaonyesha."

Nilitaka kuwalaumu wale wazee moja kwa moja. Kabla sijaanza, nikamuuliza kama wakubwa wanaotunga itifaki za intaneti huko duniani wanazitambua kazi za namna hiyo. Akacheka. "Wanaziandika vizuri kabisa dada, halafu wanazifuta."

Sikumwamini. Nikaenda kusoma usiku tatu mfululizo. Kumbe alikuwa anasema kweli, na ndiyo sababu ya makala hii.

Tuanze na msingi. Itifaki ni makubaliano ya jinsi mashine zinavyozungumza. Kompyuta ya Kondoa na seva ya Amsterdam zinaelewana kwa sababu zote mbili zinafuata makubaliano yale yale. Makubaliano mengi ya intaneti hutungwa na IETF, kikosi cha wahandisi kilichoanza kukutana mwaka 1986. Nyaraka zake zinaitwa RFC, kila moja na namba yake, na ikishachapishwa haibadilishwi tena. Ukitaka kubadili neno moja, unaandika RFC nyingine.

IETF wana utaratibu ambao ungewashangaza waheshimiwa wetu. Hawapigi kura. Hapa Dodoma tumezoea "wanaoafiki waseme ndiyo", kisha Spika anatuambia waliosema ndiyo wameshinda. Wale mara nyingi hupima maoni ya ukumbi kwa kuguna, kisha wanatafuta makubaliano ya jumla. Mwaka 1992 David Clark, mmoja wa wazee wa intaneti, alilieleza hivi: sisi tunakataa wafalme, marais na upigaji kura, tunaamini makubaliano ya jumla na programu inayofanya kazi.

Yashike hayo maneno ya mwisho, programu inayofanya kazi. Karatasi peke yake haitoshi. Mtu lazima akae chini aandike programu inayofuata rasimu, aone kama kweli inaenda. Kanuni zao za mwaka 1996, RFC 2026, zilitaka itifaki isipande ngazi kabla ya kuwa na angalau programu mbili, zilizoandikwa na watu tofauti bila kunakiliana, na zikaweza kuelewana. Mantiki yake ni rahisi. Kama mafundi wawili wasiojuana wamesoma ramani moja na milango yao ikalingana, basi ramani iko sawa.

Sasa hizo programu za majaribio, nani huziandika? Nyingine ni za kampuni kubwa, na msimbo wake umefungwa, huwezi kuusoma. Nyingine ni programu huria, ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua, kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa. Kwa kazi ya kutunga itifaki, hizi za pili zina thamani ya pekee. Rasimu ikisema jambo kwa maneno yanayoeleweka kwa namna mbili, unafungua programu huria na kuona mwenzako alielewaje. Intaneti yenyewe ilisambaa kwa njia hiyo. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la 4.2BSD likiwa na TCP/IP ndani yake, na msimbo ule ukasomwa na kuazimwa na wengi waliokuja baadaye.

Haya, turudi kwenye kufuta. Mwaka 2013 wahandisi wawili, Yaron Sheffer na Adrian Farrel, waliandika RFC 6982. Waliona kwamba watu wanaojadili rasimu mara nyingi hawajui kama kuna mtu ameshaitengenezea programu. Wakapendekeza kila rasimu iweze kuwa na sehemu inayoeleza hali ya utekelezaji: nani ameandika programu, inaitwaje, imefikia wapi, inagusa vipengele vipi vya rasimu, ina leseni gani, na mwandishi wake alijifunza nini. Jaribio lilifanikiwa, na Julai 2016 likathibitishwa kuwa utaratibu unaopendekezwa kwa RFC 7942.

Mpaka hapo ningepiga makofi. Lakini RFC hiyo hiyo inawaagiza waandishi waweke maelezo kwa mhariri: sehemu hii yote iondolewe kabla ya kuchapishwa.

Yaani wakati wa mabishano jina la fundi lipo, linatumika kama ushahidi kwamba jambo linawezekana. Siku ya sherehe, waraka unapopewa namba ya kudumu, jina linafutwa.

Nitoe mfano mmoja unaotugusa sisi Waafrika moja kwa moja.

Mitandao mikubwa ya intaneti hutambulishana kwa namba. Zamani namba hizo ziliishia 65,535. Zilipoelekea kwisha, zikaja namba ndefu zaidi. AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa namba kwa Afrika, hutoa namba hizo mpya kuanzia 327,680. Kwa hiyo mtandao uliochelewa kufika, kama ilivyo mingi ya huku kwetu, unapewa namba ya tarakimu sita.

Kuna kitu kingine. Mitandao inapoelekezana njia, huziwekea njia hizo lebo. Lebo inamwambia jirani, kwa mfano, njia hii usiipeleke mbali, au ile uipe kipaumbele cha chini. Lebo za RFC 1997, ya mwaka 1996, zilikuwa na nafasi ya namba zile za zamani tu. Fikiria umepewa fomu yenye visanduku vitano, na namba yako ina tarakimu sita. Wakubwa waliowahi wanajaza fomu bila shida. Wewe uliyechelewa unabaki kutafuta ujanja.

Dawa ilikuja Februari 2017 kwa RFC 8092, iliyoleta lebo kubwa zenye sehemu tatu ambazo namba ndefu inaenea vizuri. Rasimu yake ilikuwa na ile sehemu ya hali ya utekelezaji. Ilizitaja programu zilizokwisha kuifanyia kazi, Cisco wakiwamo, na pamoja nao programu huria kama BIRD, ExaBGP, GoBGP na OpenBGPD. Juu ya sehemu hiyo kulikuwa na agizo kwa mhariri: ondoa kabla ya kuchapisha. Mhariri aliondoa. Ukifungua RFC 8092 leo utakuta waandishi na kampuni zao. Utakuta pia orodha ya shukrani yenye majina ya watu wengi. Hutakuta ni nani aliyeandika programu ipi wala kwamba BIRD ilikuwa tayari kabla ya waraka kutoka.

Na hiyo BIRD ni nini? Hapa ndipo nilipompigia simu yule kijana saa nne usiku. BIRD ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Charles, mjini Prague. Wanafunzi jamani! Vijana kama hawa ninaowaona kila siku kwenye daladala za UDOM. Baadaye programu hiyo ikalelewa na CZ.NIC, shirika linalosimamia majina ya intaneti ya Jamhuri ya Cheki. Leo ni miongoni mwa programu zinazotegemewa sana duniani kwenye vituo vya kubadilishana mawasiliano ya intaneti, vile vituo ambapo mitandao ya nchi moja hukutana ili ujumbe wa Dar kwenda Dar usizunguke Ulaya kwanza. Sisi tulipata cha kwanza Dar es Salaam mwaka 2004, na baadaye vikaja vya mikoani, Dodoma ikiwamo.

Wacheki hao hao wametugusa kwa njia nyingine. Mwaka 2006 TCRA na TISPA, umoja wa watoa huduma za intaneti, waliunda tzNIC isimamie majina yanayoishia na .tz. Programu waliyochagua kuendeshea sajili ile ilikuwa FRED, programu huria ya CZ.NIC. Inatumia EPP, itifaki ambayo kampuni zinazouza majina huitumia kuzungumza na sajili. Malawi nao walichukua FRED. Yaani nchi maskini kiasi hazikulazimika kununua mfumo wa bei mbaya, kwa sababu mafundi fulani Prague waliamua kuacha msimbo wao wazi. Ni Watanzania wangapi wenye tovuti ya .co.tz wamewahi kusikia jina FRED? Mimi mwenyewe nilikuwa sijalisikia.

Wakazi wa huku watanielewa nikisema ni kama zabibu zetu. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anahangaika na shamba kuanzia kupogoa hadi kuvuna. Chupa ikifika mezani inabeba jina la kiwanda. Mkulima hayupo kwenye lebo, na mwaka bei ikianguka hakuna anayejua pa kumtafuta.

Kuna watakaosema, sasa tatizo liko wapi? Programu ni huria, wamejitolea wenyewe, kwa nini walilie majina?

Tatizo lilionekana Aprili 2014. Kasoro iliyopewa jina la Heartbleed iligundulika kwenye OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda siri za sehemu kubwa ya tovuti duniani. Ndipo watu walipouliza, hivi nani anaitunza? Ikajulikana kwamba mradi ule ulikuwa ukipata michango ya kama dola 2,000 tu kwa mwaka, na mtu mmoja ndiye aliyekuwa akiufanyia kazi muda wote. Kampuni zenye mabilioni ziliutegemea na hazikuwa na habari nao. Mwezi ule ule zikaanza kuchanga. Kitu kisichoandikwa popote hakimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Nimekaa Bungeni miezi hii nikisikiliza vifungu, hilo nina hakika nalo.

Sababu ya pili ni ya vijana wetu. Njia ya kawaida ya kuingia kwenye utungaji wa itifaki ni ghali. Mikutano ya IETF hufanyika mara tatu kwa mwaka, mara nyingi Marekani, Ulaya na Asia, na nauli yake inazidi mshahara wangu wa miezi mingi. Kuandika programu hakuhitaji viza. Kunahitaji kompyuta, bando, umeme na uvumilivu. Vijana wa kundi la hackers.mu la Mauritius walithibitisha hilo. Walishiriki hackathoni za IETF wakiwa kwao kisiwani, wakafanyia kazi TLS 1.3, itifaki ya usalama iliyochapishwa Agosti 2018 kwa RFC 8446. Mmoja wao, Loganaden Velvindron, leo jina lake liko juu ya RFC 8758 ya mwaka 2020 na RFC 9155 ya mwaka 2021. Alianza na msimbo, akafika kwenye waraka. Nairobi mwaka 2017 na Kampala mwaka 2019 nako kulifanyika hackathoni za namna hiyo sambamba na Mkutano wa Intaneti wa Afrika. Mlango upo. Ila anayepita mlango huo anatakiwa atoke na kitu mkononi, kumbukumbu ya kudumu yenye jina lake, ili mzee wa jopo akiuliza cheti amwonyeshe ukurasa.

Niwatendee haki wanaotetea kufuta. Wana hoja na si ndogo. RFC haibadiliki, na programu hubadilika kila mwezi. Orodha iliyochapishwa mwaka 2017 leo ingekuwa na programu zilizokufa na ingekosa zilizozaliwa baadaye, msomaji angepotoshwa. Pia kampuni zingegeuza waraka kuwa tangazo la biashara. Tena watasema hakuna kilichopotea, rasimu zote za zamani bado zinahifadhiwa mtandaoni, atakaye achimbue.

Hoja ya uchakavu naikubali nusu. Tarehe hutatua jambo hilo. Sentensi inayosema "siku waraka huu ulipoidhinishwa, programu hizi ndizo zilizojaribiwa zikaelewana" haichakai kamwe, kama ambavyo orodha ya wabunge wa mwaka 1995 haijawa uongo kwa sababu wengine wamestaafu. Kuhusu matangazo, wapo wahariri wa kukata maneno ya sifa. Na kuhusu kuchimbua rasimu, mwajiri gani wa Dodoma atachimbua? Mimi mwandishi, ambaye kuchimbua ndiyo kazi yangu, imenichukua usiku tatu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Kila RFC iwe na orodha ya kudumu yenye tarehe, ndani ya waraka au kwenye ukurasa rasmi unaounganishwa nao, ikieleza ni programu zipi zilizothibitisha kwamba itifaki inafanya kazi, leseni zake, na waliozitengeneza kama wameridhia kutajwa. Zilizo huria ziwekewe alama ili mwanafunzi ajue ni ipi anaweza kuifungua na kujifunza. Si jambo geni. Kikundi kazi cha IETF kinachoshughulikia BGP kina desturi ya kudai ripoti ya utekelezaji wa programu mbili kabla rasimu haijasonga mbele, na ripoti hizo zinatunzwa. Kinachowezekana kwa kikundi kimoja kinawezekana kwa vyote.

Nasi huku tusisubiri Ulaya. Vyuo vyetu vinaweza kukubali mradi wa mwaka wa mwisho ambao ni mchango kwenye programu huria inayotumika, badala ya mfumo mwingine wa maktaba unaofia kwenye CD ya msimamizi. Ofisi za umma zinazohamia kule Mtumba zikiwa na mitandao mipya zinaweza kuandika kwenye taarifa zao ni programu huria zipi zinazitegemea. Na majopo ya usaili, wazee wangu shikamooni, tafadhali fungueni kiungo. Kinachukua dakika mbili. Mle ndani mtaona kazi yenyewe, tarehe yake, nani aliikagua na alisema nini. Ni vyeti vingapi vinawaonyesha yote hayo?

Yule kijana nilimwambia nitaandika. Akasema, "Sawa dada, ila kazi ndiyo ninayoitaka." Jumatatu ana usaili mwingine. Safari hii amechapa ule ukurasa kwenye karatasi, akaupeleka steshenari ukapigwa laminesheni, kama cheti.

Nitawaambia ilikuwaje. Kwa leo naishia hapa, umeme unachezacheza. Wiki njema wadau.